Taa Nyekundu ya Redio

Juzi binti yangu alibandika plasta kwenye kamera ya simu yake. Nilimcheka, kisha nikakumbuka redio kaseti ya Ankol, na kicheko kikaisha.

Ilikuwa kwetu Kiganjo, nikiwa mtoto, nyumba ikinuka stovu ya mafuta ya taa. Tata, dada ya Mama, alikuwa akimnong'onezea Mama huku akikoroga chai. Mimi nilibonyeza kile kitufe cha redio kinachowasha taa nyekundu. Niliipenda tu ile taa. Sikujua ina kazi nyingine.

Chai haijapoa, Ankol, mume wa Tata, akaingia kuchukua redio aliyotuazima. Nikaizima haraka. Akarudisha kanda nyuma aone kama bado inacheza. Tukasikia kijiko kikigonga kikombe, halafu sauti ya Tata: "Sipigwi tena. Jumamosi akienda kazi, nabeba watoto, napitia hapa, naenda kwetu."

"Tata, uko kwa redio!" nikapiga makofi.

Mama aliirukia, akamwambia Ankol: "Hizo betri zimeisha, Baba Njeri."

Ankol aliusukuma mkono wake, akaketi polepole. "Wacha iendelee."

Jumamosi ilifika. Mama alishinda mlangoni akiangalia barabara. Tata hakupita.