Fundi alisema ni vidole vya Kadzo: kompyuta ya hoteli Malindi na majina ya Waitaliano

Shikamooni wakuu, na wadogo zangu marahaba.

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kulia mbele ya kompyuta. Tuliofanya kazi pamoja wakinikumbusha, nasema ulikuwa mchanga wa ufuoni. Leo nakiri: nililia, Malindi, mwishoni mwa miaka ya themanini. Na sitatia chumvi, Gongoni wanakoivuna ipo ya kutosha.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya historia. Hoteli moja ikaniajiri, ikanikabidhi kompyuta kwa sababu moja tu: "Wewe umesoma." Kana kwamba nilisomea nyaya.

Ndani yake mlikuwa na database, yaani daftari la kompyuta, ya wageni. Wakala wa Milano alitutumia majina kwenye diski, na Kadzo, msichana wa kijiji cha Adu aliyekaa mapokezi, akaitia kwenye mashine.

Desturi yetu ilikuwa kuandika jina la kila mgeni kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, akishuka garini alione.

Basi majina yakaanza kutoka na vituko. Nicolò akawa "Nicol|". Wengine waliota mabano. Kadzo aliyanakili ubaoni vivyo hivyo, akidhani ndicho Kitaliano chenyewe. Nami msomi nilidhani hivyo hivyo.

Wageni walicheka. Kisha wakaja mume na mke, wazee. Kadzo akatafuta jina lao kama lilivyo kwenye pasipoti, kompyuta ikasema hakuna mtu huyo. Kabla hatujang'amua, chumba chao kikawa kimeshapewa wengine. Meneja akawaka.

Fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine akaja kutoka Nairobi na mkoba mzuri. Hakuufungua. Aliitazama mikono ya Kadzo.

"Mashine haikosei, bosi. Huyu msichana wenu vidole vyake ni vya jembe."

"Mimi sichapi hayo majina, kaka," Kadzo akasema. "Natia diski tu."

"Hata kutia diski kuna kusomea."

Meneja akamwambia Kadzo asije tena mpaka aitwe, na sote tulijua hakuna kuitwa. Mshahara ule ndio uliosomesha wadogo zake. Hapo ndipo nililia, wakuu. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Nikafungua kitabu cha maelekezo, ambacho tulikiweka kama pambo. Kumbe database ina majedwali yake yenyewe, na unaweza kuyauliza kama unavyouliza habari za wageni: unajua mifumo gani ya herufi? Unaweza kubadilisha upi kuwa upi?

Maana kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Namba ambayo kwa Milano ni ò, kwa Mmarekani ni mstari wima.

Nikauliza. Ikajibu bila kinyongo. Mfumo wa Kitaliano: naujua. Kuugeuza uwe ule mpana wa Ulaya, wenye herufi hizo zote: naweza. Mfumo niliowekewa hapa: wa Kimarekani.

Yaani dawa ilikuwa tumboni mwa mashine muda wote, na mtu anafukuzwa kazi!

Nilichojifunza: kabla hujakagua vidole vya mtu, iulize mashine inajua nini. Nanyi mliowahi kubebeshwa kosa la mashine, semeni hapa chini. Watetezi wa mafundi pia karibuni, nina muda.

Ila msinijibu kabla ya kusikia ile simu.

Nilimpigia fundi kupitia kwa opereta, meneja amesimama ubavuni kwangu, sikio karibu na langu.

"Ni kweli, tuliweka mfumo wa Kimarekani," fundi akasema. "Kiswahili hakina hizo alama, madam. Nyinyi wa pwani mngezitakia nini?"

"Na wageni wetu ni kina nani?"

Meneja akaninyang'anya simu.

"Kadzo anarudi kazini Jumatatu," akamwambia. "Wewe uwe umefika kabla yake."