Mstari wa Zizi la Mjomba

Siku ya kwanza nilipomwona Kelebonye Maruping alikuwa ameketi juu ya jiwe, mbele kidogo ya geti letu la ukaguzi wa mifugo, akila nyama kavu kama mtu aliyelazimishwa. Basi la kwenda kusini lilikuwa limesimama likimsubiri. Nyama ya upande wa kaskazini haivuki uzio wa mifugo, kwa kuogopa ugonjwa. Ukikutwa nayo unaitoa tuichome, au unaila hapo hapo. Yeye alichagua kuila, na mfuko ulikuwa bado umejaa.

Mama mmoja akachungulia dirishani. "Tafuna, binti, tutazeekea hapa."

Akajibu bila kugeuka kwamba mjomba wake amemchinjia ng'ombe kwa sababu amemaliza chuo, na mjomba hakuchinja ili kulisha moto wa serikali. Wenye haraka washuke wamsaidie. Wakashuka kweli. Dereva naye akashuka. Walikula wamesimama, wakimtania kwamba huyo mjomba achinje tena mwezi ujao, wao watapita. Mimi nilikuwa nimeshika bomba la dawa ya matairi. Akaniletea kipande. Nilikila nimewapa mgongo.

Mfuko ulipoisha aliukung'uta mbele yangu, akakanyaga kwenye beseni la dawa ya viatu, akapanda basi.

Miaka ilipita. Kisha ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia, ng'ombe wakawa wanadondosha mate na kuchechemea, na geti likafungwa. Hakuna mnyama aliyepita, na watu walipita kwa shida. Ofisi ya mifugo ikaweka kambi pembeni ya geti, imezungushiwa waya pande zote, na watumishi walioingia humo, sisi wa geti tukiwemo, waliambiwa hawatoki mpaka ugonjwa uishe. Kelebonye alikuja na kompyuta yake akapewa karavani yenye joto kali. Alinikumbuka. Mimi nilikuwa nimemkumbuka tangu mbali.

Asubuhi nilikuwa nawapelekea chai. Wenzake walipenda kubishana, yeye alipenda kuzungumza na mimi, nadhani kwa sababu sikuwa namkatiza. Alinionyesha kazi yake kwenye kioo. Kila zizi lilikuwa nukta. Ng'ombe waliohamishwa kutoka zizi hili kwenda lile walikuwa mstari. Nukta nyekundu zilikuwa mazizi ambayo mashine iliyadhania yana ugonjwa.

Nikamuuliza mashine inajuaje, wakati haijamwona ng'ombe hata mmoja. Akasema huipa mazizi yaliyokwisha kupimwa, yenye ugonjwa na yasiyo nao, pamoja na mistari yote, halafu yenyewe inajifunza zizi linaloumwa linakuwa katikati ya majirani wa namna gani, jirani akiwa ni yule mwenye mstari nalo.

"Inamhukumu mtu kwa majirani zake," nilisema.

"Kwa majirani, na kwa majirani wa majirani. Kama bibi zetu tu, Rra." Ndivyo tunavyomwita mwanamume kwa heshima, kama mwanamke anavyoitwa mma.

Mwanzoni ilipatia. Ilitaja mazizi ya kule ziwani, madaktari waliokuwa nje ya kambi wakaenda, wakakuta vidonda mdomoni. Ikataja mengine, ikawa hivyo hivyo. Mkuu wa kambi, Daktari Tlhalerwa, mtu mwenye haraka siku zote, akaacha kusubiri majibu ya damu kutoka maabara. Zizi likiwa jekundu, wapiga risasi wanatumwa. Tulikuwa tunawasikia kutoka getini.

Mjomba wa Kelebonye, mzee Ditshebo, alikuwa na zizi lake karibu, upande wa kaskazini. Ni yule yule aliyechinja. Jumapili alikuwa anakuja kusimama upande wa pili wa waya na kumsalimu mpwa wake, maana mzee kuingia haruhusiwi na mpwa kutoka haruhusiwi.

"Hiyo mashine yako inakamuliwa?" alimuuliza siku moja.

"Haikamuliwi, mjomba."

"Basi ni dume. Uwe nayo mwangalifu."

Walicheka wote wawili. Kelebonye alikuwa hajaolewa, na mzee alipenda kumkumbusha kwamba mahari ikija, yeye kama mjomba ndiye atakayekaa mbele, kwa hiyo asimletee mtu asiyejua kusalimia.

Kwenye kioo, zizi la mzee Ditshebo lilikuwa jeupe, wakati nukta nyekundu zilikuwa zimelizunguka. Hakuwahi kuuza wala kununua, hivyo hakuna kibali cha kuhamisha ng'ombe kilichowahi kuandikwa kwa jina lake, na zizi lisilo na kibali halina mstari. Daktari Tlhalerwa akafurahi. Ukame ulikuwa unawaua ng'ombe, wenye mifugo wanalalamika, na yeye alitaka kuonyesha kwamba wasafi wanaweza kupita. Akatangaza kwamba ng'ombe wa Ditshebo watafunguliwa geti Jumatatu, waende kwenye majani ya kusini. Nikaambiwa niandae dawa.

Kelebonye aliposikia hakuinywa chai yake. Nilikuwa naosha buti nje ya karavani. Alikaa kwenye ngazi akaniambia jambo ambalo mtu wa kwetu halisemi ofisini. Marehemu baba yake alikuwa amempa yeye mitamba, iwe mali yake. Baba alipofariki, mwezi mmoja kabla ya ugonjwa kutangazwa, ile mitamba iliswagwa kwa miguu kutoka zizi la baba kule ziwani mpaka kwa mjomba, akae nayo kwa mafisa, anywe maziwa yake na ndama mmoja mmoja awe wake. Kila mtu huku ana ng'ombe wa mafisa kwa ndugu. Si biashara. Nani huomba kibali kupeleka ng'ombe kwa mjomba wake?

Na zizi la baba lilikuwa limekutwa na ugonjwa. Lilikuwa moja ya yale ya kwanza.

"Nikinyamaza, watapita hapa kwako," alisema. "Nikiuchora ule mstari, wanapigwa risasi. Wewe ungefanyaje, Rra?"

Nilimwambia chai imepoa, nikamletea nyingine.

Jumapili, siku moja kabla ya geti kufunguliwa, alimsihi mzee apeleke mwenyewe habari kwa Daktari. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake imeshika waya. Akasema ng'ombe wa mafisa ni siri ya ndugu na ndugu. Akitaja hawa, ataulizwa wale aliowaweka kwa wengine na wale wengine waliowaweka kwake, na itakuwa amewauza watu wa ukoo mzima. Ng'ombe wake wanakula na kucheua vizuri. Waache wapite.

"Na kama wanaumwa, mjomba?"

"Umewaona wanaumwa?"

Hakuwa amewaona. Alikuwa ndani ya waya.

Aliuchora mstari jioni ile ile, mmoja tu, kutoka nukta ya baba kwenda nukta ya mjomba. Nilikuwa mlangoni nakusanya vikombe. Nukta nyeupe ikawa nyekundu pale pale. Akaenda kwa Daktari, akamweleza yote, akamwomba Jumatatu wapeleke sindano kwanza, si bunduki. Damu ichukuliwe, geti libaki limefungwa, wasubiri majibu. Daktari alikubali. Nilimsikia kwa masikio yangu akikubali.

Lakini orodha ya mazizi mekundu ilikuwa inatoka kwenye mashine na kwenda kwa wapiga risasi bila kupita kwa mtu. Walianza mapema kabla ya jua kali. Daktari alipokumbuka kuwaita kwenye redio walikuwa wameshamaliza na wanachimba shimo. Alisema pole. Alisema pia kwamba mashine haijawahi kukosea.

Kelebonye akaomba ichukuliwe damu hata ya mizoga, ijulikane. Dereva wa maabara hakuja mpaka shimo lilipofukiwa.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kingine, nacho alinieleza polepole ili nielewe. Zizi lililouawa liliandikwa kuwa lilikuwa na ugonjwa. Kesho yake mashine ilijifunza kutoka hapo, na mazizi yenye mstari na zizi la baba yakazidi kuwa mekundu, kwa sababu jirani wa jirani yao naye ameandikwa kuumwa. "Imesema yenyewe, halafu imejiamini," alisema. Alikwenda kuomba zizi la mjomba liandikwe kwamba halijulikani. Daktari alimwambia zizi ni zima au linaumwa, na hawezi kuandika zima mahali walipoua, wenye ng'ombe watamla nyama. Akaomba aachishwe kazi. Akajibiwa kwamba anaweza kuacha kazi, lakini hatatoka ndani ya waya. Akabaki. Alikaa mbele ya kile kioo kama mtu anayelinda sufuria ya mwenzake isiungue, akigombania damu ipimwe kwanza, zizi kwa zizi. Mengine aliyapata, mengine hapana.

Mzee Ditshebo alikuja mara moja tu tena. Hakushika waya. Alimwamkia mpwa wake kwa heshima yote, kama mtu anayemsalimu afisa, akasema, "Watu wa mahari wakija, mma, usiwaelekeze kwangu." Kisha akaenda zake. Kelebonye alisimama pale mpaka jua likamfikia miguuni, hana pa kupitia amfuate.

Ugonjwa ulipotangazwa umeisha, kambi ilivunjwa. Hakuna ajuaye mpaka leo kama wale ng'ombe walikuwa wanaumwa. Wengine huku wanasema alituokoa, wengine hawataji jina lake, na watu wa ukoo wake ndio hao wasiolitaja.

Aliondoka kwa basi lile lile la kusini. Nilinyunyiza matairi. Abiria walishuka wakakanyaga beseni la dawa mmoja mmoja, naye akawa wa mwisho. Sheria inanitaka nikague kila mfuko, lakini wake sikuunyooshea mkono. Akauweka chini mbele yangu, akaufungua mwenyewe, akaushikilia wazi kwa mikono miwili.

"Sina nyama, Rra. Lakini kagua."