Uso wa Immakulata

Vestina alijifunza kupiga picha kwa Tamimu, mwenye studio ndogo Kasulu mjini, na alichojifunza kilikuwa kazi tu: pazia la bluu, inua kidevu, usicheke, haya, anayefuata. Moyo wake haukuwemo. Mtu akifiwa, Tamimu alichukua picha ya kitambulisho cha marehemu, akamvisha koti na tai kwenye kompyuta, akamlainisha ngozi. Wafiwa walishukuru, maana ndivyo walivyozoea.

Baba yake, mzee Nduwayezu, alipofariki, Vestina aliifanya kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Alimvisha tai, kitu ambacho mzee wa watu hakuwahi kukigusa maishani. Akafuta na kovu la shavuni, akidhani anamheshimu. Pale kaburini mama yake, Immakulata, aliitazama ile picha iliyowekwa juu ya msalaba, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mnayemzika ni nani?"

Vestina alijichukia. Kovu lile alilipapasa tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Tangu siku hiyo kamera ikawa kitu kingine kwake. Kila Jumapili aliiazima, akaenda Buhigwe, akafika hadi Kibondo kwa shangazi yake, akiwaomba wazee ruhusa na kuwapiga picha vile vile walivyo: mwenye pengo, mwenye jicho moja, mwenye mikono iliyopasuka kwa jembe. Alijifunza kusubiri mwanga, na zaidi kumsubiri mtu aache kujikaza. Tamimu alimtania kwamba atawakimbiza wateja kwa kuwaonyesha sura zao.

Mtu mmoja tu alimkatalia katakata, naye ni mama yake. Immakulata aliikimbia vita ya Burundi, akavuka mpaka pale Manyovu mwaka tisini na tatu, akamwacha mamaye ng'ambo, wasionane tena. Katika kambi ya wakimbizi alipigwa picha ya kadi. Kwake picha ilikuwa orodha, na orodha ilikuwa kurudishwa kule alikokimbia.

"Nimeshahesabiwa vya kutosha, mwanangu," alisema.

Mwaka huu kifua kilimbana, akakonda, na Vestina akaingiwa na hofu kwamba mama naye ataondoka bila kuacha sura. Lakini hakumsihi tena. Asubuhi moja walikaa uani wakichambua maharage, kamera ikiwa mapajani mwake. Mama aliitazama kwa muda.

"Piga basi. Unipige hivi hivi."

Alipiga mara moja tu, akamgeuzia kioo cha kamera. Immakulata alikiangalia, mkono ukaenda mdomoni.

"Ni mama," alisema. "Huyu ni mama niliyemwacha ng'ambo. Miaka yote hii nautafuta uso wake, siupati."

Machozi yakamtoka. Kisha akainama kidogo, akakiamkia kile kioo kwa Kirundi, taratibu, kama binti aliyerudi nyumbani, na Vestina akaishikilia kamera kwa mikono miwili mpaka mama yake alipomaliza kusalimia.