Mgeni Aliyejivua Sitara

Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Alisema mengi mno kujihusu kabla chai haijapoa. Aliniambia kwamba aliugua akili baada ya kumzika mwanawe, kwamba ndugu zake walimfunga kamba, kwamba alilazwa miezi miwili na mpaka leo bado anakunywa dawa. Aliyasema kama mtu anayekueleza bei ya unga. Mimi nimelelewa na mama aliyefunga dirisha kabla ya kulia. Nikajiuliza: mwanamke anayejivua sitara mbele ya mtu asiyemjua, ya kwangu ataifunikaje?

Nilikuwa katika eda. Mume wangu, fundi wa chokaa, alikuwa amefariki kwa presha, nami nikawa nakaa ndani, nyumbani kwetu Wiyoni, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka. Shangazi yangu alihamia kuniangalia. Nilitoka mara moja tu, kwenda zahanati kwa ajili ya tumbo. Nesi akanipima uzito, akatikisa kichwa, akaniuliza nalala vipi. Nikamjibu ukweli, kwamba silali. Wiki hiyohiyo akamleta huyu mwanamke, mtu wa bara, aliyekuwa akilima Kililana kabla ya kuhamia mjini.

"Si daktari wala si nesi mwenzangu," nesi alisema. "Ameugua, akapata nafuu, akafunzwa. Kazi yake ni kukaa na wenzake wanaopita alikopita."

Walipoondoka wote wawili, shangazi alikuja kuchukua vikombe.

"Anataka nini yule mtu wa bara?"

"Kukaa nami."

"Kukaa? Mtu alipwe kwa kukaa? Katumwa na mashemeji zako huyo, mwanangu. Wakipata karatasi ya kusema una wazimu, nyumba hii washaichukua."

Nilimwambia aache maneno hayo. Lakini usiku wote niliyageuza kichwani, na kulipokucha nilikuwa nimeshayaamini.

Aliporudi nilimtazama kila kitu. Alivua viatu nje, akakaa mkekani, kiti akakiacha. Nikasema moyoni anajipendekeza. Alikuwa na fomu ya ukurasa mmoja. Nimesoma hadi darasa la sita tu, lakini niliisoma nikiwa upande wa pili, juu chini. Palikuwa na tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka. Nikawaza kwamba yale yenyewe hasa atakuwa anayaandika akifika kwake.

Jambo moja alilisema waziwazi siku hiyo. "Dada, utakayoniambia yatabaki hapa mkekani. Ila ukiniambia unataka kujidhuru, hilo sitalificha. Nitamwambia nesi, na wewe nitakuambia kwanza kwamba namwambia."

Nikaamua kumjaribu. Nilimwambia, kwa siri kubwa, kwamba nimepata mnunuzi wa nyumba, mtu wa Shela, na kwamba mashemeji hawajui. Hapakuwa na mnunuzi wala kivuli chake. Kisha nikangoja habari inirudie. Mjini kwetu habari kama hiyo haimalizi siku mbili. Ikapita wiki, zikapita mbili. Mashemeji walikuja kunijulia hali, wakaleta samaki, wakaondoka, na la nyumba hawakulitaja. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi nilisema: kumbe mjanja kuliko nilivyodhani.

Basi nikataka kumnasa kwa neno lake mwenyewe. Aliahidi kutosema, tena akaahidi kusema. Nikitamka lile moja aliloliweka kando, nitaona kama ataniambia kwanza au ataondoka akicheka kwa adabu kisha anichome nyuma ya mgongo.

Nilimwambia kwamba tembe za presha za marehemu ninazo, nimeziweka, na nimeshafikiri cha kuzifanyia.

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini. "Asante kwa kuniambia. Sasa nampigia nesi, hapa hapa mbele yako."

Nikacheka. "Nilikuwa nakujaribu, Bi wee! Hakuna kitu."

"Sawa," akasema. "Ziko wapi?"

Nilitaka kujibu kwamba hakuna tembe. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, ukaonyesha kitanda. Hapo ndipo nilipojua, na naandika kama ilivyokuwa: zilikuwepo. Nilizisukuma chini ya godoro siku ya tatu baada ya maziko, na kila siku niliiambia nafsi yangu kuwa ni ukumbusho. Uongo niliokuwa nimeutunga kwa ajili yake ulikuwa kweli, isipokuwa mimi sikuwa nimeambiwa.

Aliniomba ruhusa ya kumwita shangazi. Nikakataa. Akapiga simu akaiweka kwenye spika. Nilitega sikio, nikimvizia aongeze neno. Alisema nilichosema, na kwamba nimeonyesha zilipo. Hakuongeza. Kisha akakaa karibu nami mpaka nesi akafika baada ya alasiri na tembe zikatoka nyumbani. Kwa kuwa nesi aliingia na kelele zake za salamu, shangazi alijua yote kabla ya magharibi. Alinililia mpaka nikamwonea huruma, kisha akamgeukia mgeni.

"Na wewe ulijuaje?"

"Mimi pia niliwahi kusema ni mzaha," alijibu.

Alipoinuka kuvaa viatu, nilikuwa na hasira naye. Alikuwa ameona kitu changu ambacho hata marehemu hakukiona. Nilifikiri nimwambie asirudi tena.

"Nitakuja Jumanne," akasema mlangoni.

"Jumanne ni mbali," nikamjibu, na sauti yangu ikanishangaza.

Akafikiri. "Jumapili naenda kanisani asubuhi. Naweza kupita nikitoka."

"Kanisani, kisha moja kwa moja kuya hapa?" shangazi akauliza. "Walimwengu watasemaje?"

Nilimtazama yule mwanamke usoni, nikitafuta kwa mara nyingine dalili ya kitu anachonificha. Sikuiona, na sikusadiki kwamba haipo.

"Aje," nikamwambia shangazi.