Ndimu Badala ya Asidi

Tarcisio alichapa picha kwa jiwe pale Nakasero miaka ishirini, na asidi hakuikosa. Wahindi walipofukuzwa, duka lao la dawa, alikonunua asidi hiyo, akapewa kapteni mmoja. Akauza kila chupa, akafunga mlango. Basi Tarcisio akawa anakamua ndimu za sokoni, anachanganya na gundi ya miti, anapaka jiwe ili wino usishike palipo peupe. Lakini jamani, ndimu si asidi! Matangazo ya dansi yalivumilia. Picha ya uso wa kanali wa kambini haikuvumilia.

Sajini aliyeleta kazi hiyo alikaa akisubiri, bunduki mapajani. Karatasi ya kwanza ilitoka safi. Kwenye ya kumi wino ulianza kutambaa mashavuni. Kwenye ya ishirini, utepe mweusi ulikuwa umelala juu ya macho yote mawili.

Sajini akaiinua. “Mzee, sababu gani wewe nafunga afande macho?”

“Ni ndimu, afande,” alisema Tarcisio, akajisikia alivyo mjinga. Maji yalikuwa yamezidi unga.

“Utaeleza yeye mwenyewe.” Sajini akaanza kufungua kitambaa chake cha shingoni.

Tarcisio akavua miwani, akaiweka juu ya jiwe, ili kitambaa kimkae vizuri machoni.