Mahojiano Niliyofanya Mbele ya Chifu

Kwa miaka mingi nimefundisha mbinu za utafiti wa historia kwa wanafunzi wa uzamili mjini Kitui, na kila mwaka nilianza na kanda moja. Ni mahojiano niliyofanya Zombe nilipokuwa bado mwanafunzi. Mama mmoja ananieleza jinsi yeye na wasichana wenzake walivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko enzi za mkoloni. Anasema walikwenda kwa hiari, wakiimba. Kisha anaimba kidogo, na darasa linanyamaza. Niliupenda mno ukimya ule.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu wa sekondari huko Kibwezi lakini mzaliwa wa Zombe, aliingia ofisini akafunga mlango. Hakuketi.

"Mwalimu, nimemhoji yule mama wa kanda yako. Bado yuko hai."

"Vizuri sana! Amesemaje?"

Akanipa karatasi alizochapa. Ukurasa wa kwanza niliusoma nikiwa nimekaa, wa pili nikiwa nimesimama. Mama alisema walitolewa nyumbani kwa fimbo. Dada yake, aliyekuwa mjamzito, alipigwa na nyapara kwa kuchelewa, mimba ikaharibika palepale shambani. Nyimbo waliziimba kwa sababu asiyeimba alichapwa.

"Labda kumbukumbu zimemchanganyikia," nikasema. "Umri nao..."

"Nilimwuliza mara tatu, siku tofauti. Ndivyo ulivyotufundisha."

Nikamwambia aniachie, nitasoma vizuri. Wiki ile sikutulia. Nilishika insha za kusahihisha nikaziacha, nikaenda maktaba nikarudi kabla sijafungua kitabu. Sura nzima ya kitabu changu inategemea mahojiano yale. Tena kuna jambo linaloniaibisha zaidi: siku mbili nilizitumia kutafuta kosa katika kazi ya mwanafunzi wangu, kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia kwa kazi yangu mwenyewe. Sikulipata.

Jumamosi nikamwomba anipeleke Zombe.

Tulimkuta mama yule nyuma ya nyumba akiambua mbaazi. Amezeeka, macho yamefifia, lakini sauti niliitambua mara moja. Nikamsalimu kwa Kikamba na kumwita susu, yaani nyanya. Kabla sijamaliza kujitambulisha akanikatiza.

"Nakukumbuka. Wewe ni yule msichana wa viatu vyeupe. Ulikuja na chifu."

"Ndiyo, susu. Chifu alinionyesha njia."

"Alikuonyesha njia, halafu akaketi, akanywa chai yangu. Ulijua baba yake alikuwa nani?"

Sikujua. Sikuwa hata nimeuliza.

"Baba yake ndiye aliyekuwa nyapara. Ndiye aliyempiga dada yangu. Wewe unaniuliza habari za matuta, na mtoto wake ameketi hapo. Ulitaka niseme nini, mwanangu?"

Hakusema kwa hasira. Alinisogezea ungo, nami nikaanza kuambua mbaazi. Mwanafunzi wangu alitazama kando. Nikamwomba mama msamaha. Akasema msamaha si kitu kibaya, lakini je, jina la dada yake nimeliandika mahali popote?

"La, susu."

"Basi andika."

Akalitaja. Nikaliandika na kumsomea. Akanirekebisha, nikalisoma tena mpaka akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata niliwachezea wanafunzi kanda ileile, kisha nikawaeleza kila kitu. Karibu na mwisho kuna kikohozi cha mwanamume. Nilikuwa nimekisikia mwaka baada ya mwaka na kukiona kelele tu, kama jogoo na upepo. Safari hii nilikirudisha nyuma, nikakicheza tena.

"Kwa hivyo kitabu chako tukitumie au tukiache?" akauliza mmoja wao.

"Kitumieni. Ila kila ukurasa uulizeni nani mwingine alikuwa ameketi pale."

Jibu lilisikika zuri darasani. Nilipofika ofisini halikunitosha, nikamwandikia mchapishaji barua ya kukiri kosa. Nikaiandika upya mara nyingi kabla ya kuituma, kwa kuwa kila mara nilijikuta najitetea.

Mwanafunzi yule alihitimu. Katika tasnifu yake kuna aya isemayo kwamba huenda msimamizi wake alipotoshwa na mazingira ya mahojiano. Alinipa rasimu akiwa ameinamisha macho. Nikachukua kalamu, nikakata neno "huenda", nikamrudishia.

Tangu hapo nimeandika orodha ya watu wote niliowahoji enzi zile. Ni kumi na mmoja. Saba wamefariki, na hao siwezi kuwauliza lolote. Waliobaki nimeanza kuwatembelea mmoja mmoja, peke yangu, bila mtu wa kunionyesha njia. Bado mmoja, mzee wa huko Kilungu. Nimemtumia salamu mara mbili na hajajibu, na kila simu inapolia nainuka kabla sijajua ni nani anayepiga.