Kijiko cha Fedha Kwenye Mchuzi wa Mayai

Mama alikuwa akimfulia nguo mzee mmoja wa kike, Mzungu, na mzee huyo alipofunga virago kurudi kwao alimwachia kijiko. Kilikuwa cha fedha, cha zamani sana, kipana kama kiganja, kimetobolewa matundu mfano wa maua. Kwetu mtaani Mbotela hakuna aliyejua kazi yake. Kijiko gani kinachovujisha mchuzi? Mimi na udadisi wangu nilishikilia kwamba ni cha kuchekechea kitu. Dada yangu akasema Wazungu wana pesa za kuchezea. Mama alikifunga kwa kitambaa, akakificha kabatini.

Kilitoka siku watu wa mchumba wa dada walipokuja kujitambulisha. Mama hakutaka binti yake adharauliwe. Kuku hakutosha, kwa hiyo aliongeza mayai ya kuchemsha kwenye mchuzi, mengine yakapasuka, akatumbukiza kijiko chake cha fahari na kufunika bakuli.

"Wewe," dada alininong'oneza, "ukianza maswali yako leo utanichoma mbele ya wageni."

Sisi watu wa magharibi mwa nchi hatuombei chakula kwa haraka. Mjomba wa mchumba aliombea mvua, barabara na hata viongozi. Tulipofumbua macho, mama akafunua bakuli. Kijiko kilikuwa cheusi tii.

Shangazi wa mchumba, aliyekwisha kunawa, alirudisha mikono mapajani.

"Mama, hii ni dawa gani mmetuwekea?"

Leo najua fedha ikilala kwenye kiini cha yai moto husawijika. Siku ile hakuna aliyejua. Nilimwogopea dada, lakini pia nilitamani kukishika nikinuse.

"Mbona mpini bado unang'aa?" niliropoka.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza. Mama alijipakulia kwa kijiko kilekile, akala. Shangazi hakusogea.

"Tunayekuja kumchukua ndiye ale," alisema.

Dada hakungoja kupakuliwa. Alitoa yai kwa mkono, akalila lote, akachukua la pili, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko. Hakumwondolea shangazi macho. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha meza kama kitatoroka.

Shangazi alisubiri mpaka dada akameza, kisha akasukuma sahani yake mbele.

"Nipakulie, mwanangu," alisema. "Na usiyamalize yote."

Dada alimpakulia kwa kijiko kilekile cheusi.